Gitaa Lisilo na Nyuzi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya kupigwa kura juu ya chumba cha muziki cha shule.)



Kamati imenipa robo saa. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sisi tumezoea kuambiwa tufupishe, kwa hiyo nitajitahidi. Jambo lililo mbele yetu mnalijua. Mwenzetu mmoja aliyeko ng'ambo ameahidi kuiletea shule seti ya gemu za muziki, yaani zile zinazochezwa kwa magitaa na ngoma za plastiki zilizounganishwa na luninga, pamoja na luninga yenyewe. Wakati huohuo chama kina akiba tuliyochanga kwa ajili ya chumba cha muziki. Wako wanaosema kwamba tukiipokea seti hiyo, chumba cha muziki kimekwisha kupatikana, na fedha ziende kwenye paa la bwalo. Wako wengine wanaosema ni aibu shule ya heshima kama hii kupokea midoli ya watoto. Niliposikia mabishano hayo nikaomba nafasi ya kusema, maana gitaa la namna hiyo limekaa nyumbani kwangu zaidi ya miaka kumi.

Kwa wazee wetu ambao hawajaliona, nitalieleza. Lina umbo la gitaa la umeme, ila ni dogo na jepesi. Nyuzi halina hata moja. Mahali pa kubania nyuzi kuna vitufe vitano: cha kijani, chekundu, cha njano, cha buluu na cha rangi ya chungwa. Mahali pa kupigia kuna kiwiko kifupi cha plastiki ambacho mchezaji hukisukuma kwa kidole gumba juu na chini. Wimbo unapoanza, kwenye kioo cha luninga hutokea kitu kama barabara, na juu ya barabara hiyo vidonge vya rangi vinateremka kumjia mchezaji. Kidonge chekundu kikifika kwenye mstari, yapasa awe amebana kitufe chekundu na kusukuma kiwiko wakati uleule. Akiwahi au akichelewa kupita kiasi, amekosa. Kazi yote ni hiyo, na msiidharau: wimbo ukiwa wa kasi, vidonge huja kama mvua ya masika.

Mchezo huu haukuanza Marekani kama wengi wanavyodhani. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mwaka 1999 mashine ya GuitarFreaks, ya kuchezewa katika kumbi za michezo, ikiwa na gitaa la vitufe vitatu. Mwaka 2005 kampuni mbili za Marekani, Harmonix na RedOctane, zikatoa Guitar Hero kwa ajili ya PlayStation 2, vitufe vikawa vitano na mchezo ukaingia majumbani. Harmonix ilianzishwa mwaka 1995 na vijana wawili waliosoma chuo cha MIT, na nia yao ilikuwa kumwonjesha mtu asiyejua ala yoyote raha ya kupiga muziki. Mwaka 2007 wakatoa Rock Band, wakaongeza ngoma na kipaza sauti, hata familia nzima ikaweza kujifanya bendi. Guitar Hero ya tatu, iliyotoka mwaka huohuo, ilipitisha mauzo ya dola bilioni moja. Kisha wakatoa nyingi mno kwa haraka mno, watu wakachoka, na mwezi Februari 2011 kampuni ya Activision, iliyokuwa imeimiliki Guitar Hero, ikasimamisha utengenezaji. Mwaka 2015 ilijaribiwa kufufuliwa, lakini shamrashamra za mwanzo hazikurudi.

Nyumba nyingi za Ulaya na Marekani zikabaki na magitaa ya plastiki yasiyo na kazi. Na ninyi mnajua vitu visivyo na kazi katika nyumba za huko huishia wapi. Mwaka 2013 nilipita Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, nikamkuta kijana ametandaza turubai la vifaa vya umeme vilivyotumika: pasi, redio, nyaya za kila namna, na katikati yake gitaa jeusi. Nilipomwuliza ni kitu gani, akanijibu bila wasiwasi, "Gitaa la mtoto hilo, mzee, hata umeme halili." Diski ilikuwa katika mfuko uleule, imechubuka. Nikapatana naye, nikamchukulia mwanangu aliyekuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nyumbani mtoto akalishika, akakisukuma kile kiwiko mara mbili tatu, akaniangalia. "Baba, mbona halilii?"

Swali hilo lilinirudisha mbali sana.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba zamani mpiga gitaa wa mji huu aghalabu hakuwa na gitaa lake. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932 kama chama cha wapenzi wa muziki, na bendi nyingi zilizofuata zilikuwa za namna hiyo, watu wakichangishana kununua vyombo. Lakini mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaunda bendi yake, kikawanunulia wanamuziki vyombo na kuwalipa mshahara wa mwezi kama makarani. Mtindo ukaenea. Kiwanda cha Urafiki kikawa na bendi, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, Polisi wakawa na yao, Jeshi likawa na yake. Vyombo vya umeme vilitoka nje, vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa kwa mashirika. Mwanamuziki akihama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Hata ile Mlimani Park ilivyozaliwa mwaka 1978, kwa wanamuziki kuihama bendi ya JUWATA, akina Muhiddin Maalim na Abel Balthazar walifuata mwajiri mpya mwenye vyombo vipya. Na mwaka 1983 Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa watu hao. Bendi yake ilikuwa ya shirika moja la umma, sitalitaja. Alipiga gitaa la solo la pili kwa miaka ishirini na miwili. Miaka ya tisini mwanzoni shirika lilipofilisika, vyombo vikaorodheshwa pamoja na meza na viti, vikafungiwa. Yeye akaja kukaa kwetu, katika nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Narung'ombe, ambayo leo ni ghorofa la maduka. Mchana alilinda stoo ya mtu. Jioni alikaa barazani na ubao.

Ubao huo alikuwa ameuchonga mwenyewe, mrefu kama mkono wa mtu mzima, akachora kwa penseli mistari sita kwa urefu na mingine ya kukatiza. Aliupakata, vidole vya kushoto vikatembea juu ya mistari, vya kulia vikagonga hewa. Redio ikiwa imewashwa alipiga pamoja na redio. Ikiwa imezimwa alipiga vilevile. Jumamosi, muziki ulipovuma kutoka ukumbi wa DDC pale Msimbazi, alipiga pamoja nao. Majirani walicheka, nasi watoto tulicheka zaidi. Mama alikuwa akinituma nikamwite kula, naye hakuinuka mpaka wimbo uliokuwa kichwani mwake umalizike. Mimi nilisimama pale mlangoni namwangalia, nikisubiri wimbo nisiousikia.

Sasa basi, jioni ile ya mwaka 2013 baba mdogo alikuwapo nyumbani kwangu. Alikuwa mzee wa miaka sitini na saba. Tuliliunganisha gitaa la plastiki na PlayStation, mtoto akajifunza, na baada ya siku chache tukampa mzee naye ajaribu. Hakufika nusu ya wimbo. Mashine ina sindano inayoonyesha kama watazamaji wameridhika. Sindano ikaanguka kwenye wekundu, umati wa kwenye kioo ukaanza kuzomea, wimbo ukakatwa. Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Miaka ishirini na miwili jukwaani, leo ndiyo nazomewa!"

Nilidhani ni macho, au uzee. Yeye alinieleza vingine. Alisema katika bendi yao hakuna aliyepiga juu ya mstari. Solo la pili linakuja nyuma kidogo ya la kwanza, au linalitangulia kidogo, kutegemea mwimbaji amevuta vipi neno lake, na wachezaji pale chini wameamka au bado. Wimbo ukifika kwenye chemko ndipo mpigaji hutazama miguu ya watu kuliko vidole vyake. "Mashine hii haimsikilizi mtu," alisema, "inamkagua." Kisha akamwangalia mwanangu akicheza, akakaa kimya kwa wimbo mzima, akaniambia: "Huyu ana mkono mzuri wa kulia. Mpeni nyuzi."

Ndugu zangu, hapo hapana budi niseme ukweli wangu. Mwanangu nilimnunulia gitaa la nyuzi mwaka uliofuata. Baba mdogo sikumnunulia. Nilikuwa na mshahara tangu mwaka 2006, na magitaa ya kichina yaliyokuwa yakining'inia madukani Kariakoo bei yake haikunishinda. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kulikuwa na kiwanja, kulikuwa na ada, na isitoshe, niliona mzee ana ubao wake na sasa ana gemu ya mtoto, anajiburudisha. Alifariki mwaka 2016.

Nasema haya kwa sababu nimeisikia hoja kama hiyo hapa leo asubuhi: kwamba wanafunzi watakuwa na kitu cha kujiburudisha, gitaa lenyewe litakuja baadaye.

Lakini msinielewe kwamba naipinga seti. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoita midoli. Gemu hii ina mambo mawili ya kweli ndani yake. Kwanza, inafundisha wakati. Mtoto asiyeweza kupiga makofi sawasawa na wenzake kanisani au kwenye kaswida, baada ya miezi miwili anaweza. Nimemwona kwa macho yangu. Pili, inamfundisha kusikia chombo kimoja katikati ya vingi. Nyimbo za Guitar Hero zimetengenezwa huku gitaa likiwa peke yake katika njia yake. Mchezaji akikosa, sauti ya gitaa inatoweka, vyombo vingine vinaendelea. Papo hapo anajua gitaa lilikuwa lipi, maana amelipoteza. Sisi tuliokulia kando ya redio hatukufunzwa hivyo. Tulisikia wimbo kama uji, umekorogwa pamoja.

Na nyimbo zetu nazo zilirekodiwa vivyo hivyo. Katika studio ya Redio Tanzania bendi ilipiga kwa pamoja, vipaza sauti vichache, mkanda mmoja. Mpiga tarumbeta akikosea wote walirudia. Hakuna awezaye leo kumtoa mpiga gitaa mmoja katika mikanda ile akawaacha wengine, walau si kwa urahisi. Labda hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya zisiwemo katika gemu hizi, ingawa sababu kubwa, nadhani, ni kwamba waliozitengeneza hawajapata kuzisikia.

Mwaka 2018, wakati wa likizo ya Desemba, mwanangu alikuwa na miaka kumi na sita. Akanionyesha programu ya kompyuta iitwayo Clone Hero, inayotolewa bure tangu mwaka 2017. Inafanana na Guitar Hero, lakini mtu yeyote anaweza kuuingiza wimbo wake mwenyewe na kuupangia vidonge, hiki hapa, hiki pale, kwa kuusikiliza. Akasema, "Baba, tuweke wimbo wa babu." Nikamwambia bendi ya babu haikuacha nyimbo zinazopatikana. Tukachukua wimbo mmoja wa zamani wa Mlimani Park, bendi aliyoipenda na kuionea wivu. Alikuwa akimtaja Michael Enoch, kiongozi wao, kama wengine wanavyomtaja mwalimu wao wa darasa la kwanza.

Tulidhani itakuwa kazi ya jioni moja. Ilichukua jioni saba. Vidonge vya ubeti wa kwanza tuliviweka vizuri. Tulipofika wa pili, ule mpango haukukubali. Gitaa lilikuwa linaruka mahali ambapo mkono wa mwanadamu hauwezi kuruka. Kijana akadhani kompyuta ina kasoro. Akaupunguza wimbo kasi mpaka nusu, tukavaa vidude vya masikioni, kila mtu kimoja. Tukasikiliza kipande kilekile, nadhani mara thelathini. Ndipo tukatambua kosa letu. Hayakuwa magitaa mamoja. Yalikuwa mawili, na sisi tulikuwa tunaruka kutoka moja kwenda jingine bila kujua. La kwanza lilikuwa linasema neno na kunyamaza, na katika ule ukimya la pili linaingia na kijineno chake kifupi, linakwenda, linarudi, linakwenda, linarudi, halibadiliki, na juu yake la kwanza linapata mahali pa kusimama. Wimbo huo nimeusikia tangu sijaanza shule. Miaka yote hiyo niliamini nasikia gitaa moja linalopigwa na mtu hodari sana.

Nikamwambia mwanangu asimamishe. Nikaangalia mkono wangu wa kushoto, na vidole vilikuwa vinajua. Vidole vinne, vinakwenda, vinarudi. Ni mwendo uleule niliouangalia kutoka mlangoni Mtaa wa Narung'ombe huku chakula kikipoa. Niliuona kwa macho miaka mingi, sikupata kuusikia hata siku moja. Na mtu wa kumwuliza alikuwa amekwisha kuondoka.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niombe robo saa, ambayo naona Ndugu Mwenyekiti ameanza kuitazama kwenye saa yake.

Maombi yangu kwa mkutano ni haya. Seti ipokewe, na mwenzetu ashukuriwe kwa barua. Lakini isiandikwe mahali popote katika kumbukumbu za chama kwamba ni chumba cha muziki. Akiba ibaki palepale ilipokusudiwa, inunue magitaa manne yenye nyuzi: la solo, la solo la pili, la ridhimu na la besi, pamoja na kikuza sauti. Manne, si moja. Gitaa moja litamfundisha kijana mmoja kujionyesha. Anayepiga solo la pili hawezi kujifunza peke yake, maana kazi yake yote ni ukimya wa mwenzake. Paa la bwalo nalijua linavuja, lilivuja hata sisi tulipokuwa hapa. Lina fungu lake na lidaiwe katika fungu hilo.

Wale wanaotaka daraja kati ya plastiki na nyuzi, lipo: tangu mwaka 2011 iko gemu ya Rocksmith, ambayo huchezwa kwa gitaa la kweli lililounganishwa kwa waya. Baadhi ya vijana itawafaa. Ila ningependa zaidi wanafunzi wapewe kompyuta mojawapo ya zile za maabara, jioni mbili kwa juma, wazipange wenyewe nyimbo za mji huu kwa ajili ya ile programu niliyoitaja, kwa kujifunzia tu na si kwa kusambaza, maana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haikufutwa na gemu. Watakaopanga watajifunza kuliko watakaocheza. Wakikwama, bado wako wazee mjini humu wanaoweza kuwaambia lipi ni la kwanza na lipi la pili. Waitwe sasa.

La mwisho ni ufunguo. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka stoo iliyokuwa nyuma ya jukwaa. Ndani yake kulikuwa na magitaa mawili na ngoma, tuliyaona kupitia dirishani kwa miaka minne, na katika miaka hiyo minne mlango haukufunguliwa kwa ajili yetu. Vilikuwa vinatunzwa. Nilipochungulia mwaka wa mwisho, nyuzi zilikuwa zimekula kutu, na shingo moja imepinda. Sitaki kumlaumu mtu, aliyeshika ufunguo alifuata agizo, nami leo kazini nashika funguo za namna hiyo na najua woga wake. Lakini safari hii naomba ufunguo wa chumba uwe na wanafunzi wawili, na daftari la kutia sahihi, na kitakachovunjika kivunjike kwa kupigwa. Niko tayari kulilipia fungu la nyuzi mpya kila muhula kwa miaka mitatu, na katibu aliandike hilo.

Gitaa la plastiki nimekuja nalo, liko ndani ya gari pamoja na PlayStation. Wanafunzi wanaotaka kulijaribu tukutane darasa la mwisho baada ya chai. Na ubao wa baba mdogo nimekuja nao pia, uko pale mezani mbele ya Mwalimu Mkuu. Mistari ya penseli imefifia, lakini ukiuelekeza dirishani bado inaonekana. Mnaruhusiwa kuushika.